Yupo, yuko au yumo?

Msomaji anayetafsiri kwa Kiswahili maelekezo ya jaribio la kujifunza njia katika uhalisia pepe anauliza: mtu aliyevaa miwani ya kompyuta akajiona ndani ya jengo lisilokuwapo, tuseme "yupo", "yuko" au "yumo"? Ameambatisha sentensi moja ya maelekezo hayo: "Ukiwa kwenye mazingira pepe, geuka kwenye sehemu uliyoanzia kwenye safari yako."

Jibu ni "yumo". Mazingira yamemzunguka juu, chini na pande zote, na undani ni kazi ya "mo". Mwili wake upo kitini. Kwa macho yumo jengoni. Hilo neno "pepe", lenye udugu na upepo na kupepea, limezoeleka tangu zama za barua pepe, nami silipingi.

Ninachokipinga kwa moyo wote ni "kwenye" tatu katika sentensi moja. Neno lenyewe halina hatia: ni "ku" ya mahali na "-enye", na wahenga waliposema "kwenye miti hakuna wajenzi" walitaja mahali palipo na miti, kama walivyosema "penye nia pana njia". Siku hizi linabandikwa mbele ya kila jina, kwenye saa mbili, kwenye kuandika, kwenye safari, mpaka "po", "ko" na "mo" zimekosa kazi. Katika elimu hii ya kujifunza njia inaniuma zaidi, kwa kuwa tofauti zinazobebwa na silabi hizo ndizo zinazopimwa.

Chukua birika la majaribio la mtafiti wa ubongo Richard Morris, alilolieleza mwaka 1981. Panya huogelea katika birika la duara, maji yametiwa weupe, akitafuta kijukwaa kilichofichwa chini kidogo ya uso wa maji. Kwa kuwa hakioni, hana budi kujifunza kilipo kwa kutazama vitu vilivyomo chumbani, nje ya birika. Leo binadamu nao hukitafuta kijukwaa cha namna hiyo katika birika lililochorwa na kompyuta. Mpenzi wa "kwenye" ataandika kwamba kijukwaa kinapatikana kwenye maji, kisha atulie. Tazama alichokipoteza. Kijukwaa kimo majini: kimezama, usitarajie kukiona. Kiko upande wa dirishani: mwogeleaji ameshajua aelekee wapi, ila penyewe bado hajapajua. Kipo pale: sasa anakwenda moja kwa moja, hata akianzishwa ukingo mwingine. Silabi moja moja zimetenganisha hatua ambazo mtafiti hukesha akizipima, na "kwenye" imezifukia zote.

"Geuka kwenye sehemu uliyoanzia" ni balaa kubwa zaidi. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roberta Klatzky na wenzake waliwapitisha watu pande mbili za pembetatu, kisha wakawataka wageukie walikoanzia. Waliotembea kwa miguu yao walielekea vizuri. Walioiona safari kwa macho tu, mwili usigeuke, walikosea kana kwamba ile kona hawakuikata. Kilichopimwa pale ni mwelekeo, na mwelekeo kwa Kiswahili ni "ko": geukia ulikoanzia. Ukimtaka mtu arudi mpaka alipokanyaga mwanzo, mwambie "rudi ulipoanzia". Na "sehemu" ni kipande cha kitu kizima. Anayeisoma ana haki ya kuuliza ni sehemu ya nini. Mtafsiri asiyezitenga kauli hizi atamfanya mshiriki atende jambo moja huku mtafiti akidhani amepima jingine.

Nakiri kwamba "-ni" ya mahali, kama ile ya "jengoni", haikai jina linapofuatwa na neno la kulieleza. "Mazingirani pepe" hakuna asemaye. Hapo andika "katika", na ukishindwa kabisa, hiyo "kwenye" moja nitaivumilia, mradi kitenzi kibaki na "mo" yake. Sentensi yako basi iwe: "Ukiwamo katika mazingira pepe, geukia ulikoanzia safari."