Maswali na majibu: tanuri la shanga za kioo, digrii ngapi na kwa muda gani

Safari hii maswali karibu yote yamekuja ya tanuri na nimefurahi kweli, maana wengi wanaojifunza kutengeneza shanga za kioo hela na muda wao wote unaishia kwenye moto wa gesi na rangi, alafu ile sehemu ya mwisho, ya kuituliza shanga ndani ya tanuri ili mkazo (yani kioo kuvutana chenyewe kwa ndani) utoke, wanaifanya juujuu. Shanga ambayo haijatulizwa inaweza kuonekana nzima leo, ikapasuka wiki ijayo ikiwa shingoni kwa mteja. Haya tuanze.

Niko Arusha, nimepata tanuri dogo lina kontrola ya digitali. Kila hatua inaniuliza kasi, joto na muda, sijui nijaze nini. Natumia fimbo za kioo za Italia za 104 (ile namba ya kioo kinavyotanuka na kusinyaa kwa joto).

Kaka, hayo matatu ndo programu yenyewe, hamna siri nyingine. Kasi ni digrii ngapi (zangu zote ni za Selsiasi) kwa saa, joto ni pale unapotaka hatua iishie, na muda ni likishafika pale likae kwa muda gani. Kushuka nako unajaza hivohivo, kontrola nyingi zinaona zenyewe kwamba joto linalofuata liko chini kwa hiyo zinashusha.

Kwa kioo cha 104 na shanga za kawaida mi ningekwambia hivi: hatua ya kwanza kasi 280, joto 510, muda saa 4 au kadiri utakavyokaa mezani, hapo ndo unakuwa unaingiza shanga mojamoja kadiri unavyozimaliza. Hatua ya pili joto lilelile 510, muda saa 1, na hii ianze kuhesabiwa baada ya shanga ya mwisho kuingia, siyo kabla. Ya tatu kasi 55 kushuka mpaka 400, bila kukaa. Ya nne kasi 90 mpaka 300, alafu lizime lipoe lenyewe. Ukipiga hesabu, kutoka 510 mpaka 400 ni saa 2 kamili na kutoka 400 mpaka 300 ni saa 1 na dakika kama 7, kwa hiyo shanga ulizomaliza jioni asubuhi unazitoa bila presha.

Kwa nini iwe hivo? Kioo kina joto fulani ambalo bado ni kigumu, hakibonyei, lakini ndani yake kinaweza kujilegeza kidogo kidogo. Pale kwenye joto la kutuliza mkazo unatoka ndani ya dakika kama 15 tu, ukishuka chini kidogo kazi hiyohiyo inachukua masaa, na ukishuka zaidi mkazo uliobaki umebaki, hata ukae wiki. Ile saa 1 sasa ni ya nini kama dakika 15 zinatosha? Ni ili ndani ya shanga na nje yake, ile iliyoingia kwanza na ile ya mwisho, zote ziwe na joto moja kabla hujaanza kushuka. Na kushuka polepole ni ili usije ukatengeneza mkazo mpya baada ya kuutoa ule wa zamani.

Kitu kimoja uangalie kwenye kitabu cha kontrola yako: muda unaandikwa kwa dakika au kwa saa? Kuna zinazoandika 1.30 kumaanisha saa moja na nusu, kuna zingine zinataka 90. Mtu anaweka 30 akidhani ni dakika, tanuri linakaa masaa 30 na bili ya umeme inakuja nayo.

Mi nasaga na kuyeyusha chupa hapa Nairobi. Programu ya 104 naweza kuitumia?

Hapana dada, utakuwa unapoza tu bila kutuliza. Kioo cha chupa joto lake liko juu zaidi, kwenye 545 hadi 550 hivi, na 510 kwake ni karibu na pale ambapo mkazo hautoki tena ila kwa masaa mengi. Weka 550, shikilia saa 1, alafu shuka kwa 50 kwa saa mpaka 450, baada ya hapo 90 mpaka 300. Chupa za viwanda tofauti hazifanani, ndo maana napenda mtu aanze juu kidogo na ashuke taratibu, maana ukishuka taratibu lazima utapita kwenye joto sahihi la chupa yako hata kama hulijui.

Ila ushanga mmoja utoke kwenye chupa moja, tafadhali. Chupa ya bia na kioo cha dirisha usivichanganye, hata kama rangi zinapendezana. Na usikate tamaa kwamba chupa ni kioo cha kimaskini: Kitengela pale pembeni ya Nairobi wamejenga jina kwa kioo kilichotumika, na hapo Arusha kuna karakana ya Shanga ambapo mafundi wenye ulemavu wanafanya kazi nzuri sana kwa chupa. Malighafi iko mitaani, kinachotakiwa ni kuijua tabia yake.

Kwenye video fundi anasema 960, nikaweka 960, shanga zimekuwa chapati. Kulikoni?

Pole sana. Yule ni Mmarekani, anaongea Farenhaiti. 960 yake ni 516 ya Selsiasi. Ingia kwenye setingi uone kontrola yako iko kwenye C au F. Na kinyume chake ni hatari zaidi kwa sababu hakionekani: ukiweka 516 na kontrola iko kwenye F, ndani kuna kama 269 tu za Selsiasi, shanga zinatoka nzuri zinang'aa, hazijatulizwa hata kidogo.

Umeme ukikatika katikati ya programu nifanye nini? Huku kwetu Dar ni jambo la kawaida.

Kwanza mlango usiufungue, hata kuchungulia usichungulie. Tanuri lenye ukuta mzuri linashuka taratibu lenyewe, ukilifungua umelimaliza.

Pili, jua tabia ya kontrola yako kabla siku hiyo haijafika. Kuna zinazoendelea pale zilipoishia, kuna zinazoanza upya, na kuna zinazokaa kimya zinakusubiri ubonyeze. Lijaribu tanuri likiwa tupu: liwashe, chomoa waya, rudisha, uone inafanyaje. Ile inayoendelea yenyewe ndo ya kuangalia kwa makini, maana kama ilikuwa kwenye kukaa 510 na joto limeshuka mpaka 250, inaweza kupandisha kwa kasi yote mpaka 510, na hiyo kasi ndo inayopasua.

Umeme ukirudi angalia namba. Kama bado uko 480 kwenda juu, endelea tu na uongeze nusu saa kwenye kukaa. Kama imeshuka chini ya hapo, programu ianze upya: panda kwa 150 kwa saa mpaka 510, kaa saa 1, shuka kama kawaida. Kioo hakichoki kutulizwa, hata ukikirudia mara tatu hakina neno, kwa hiyo usione uvivu. Zilizopasuka zitakuwa zimeshapasuka, zingine zote zinaokoka.

Naogopa kupigwa shoti ninapoingiza shanga zikiwa kwenye vijiti vyake vya chuma tanuri likiwa linawaka. Naogopa bure?

Siyo bure hata kidogo, na ningependa wengine wote waogope kama wewe. Zile koili (nyaya zinazotoa joto) ndani ya tanuri zina umeme, na kijiti cha chuma kikigusa koili huku umekishika mkononi mkondo unakuja kwako. Baadhi ya matanuri ya shanga yana swichi ya mlangoni inayokata umeme ukifungua. Lako kama halina, zima kwenye swichi, ingiza, funga, washa, hizo sekunde chache joto halipotei kiasi cha kudhuru. Tanuri liwe na waya wa ethi unaofanya kazi kweli, siyo plagi iliyokatwa mguu, na lichomekwe ukutani moja kwa moja, siyo kwenye ekstensheni inayoshirikiana na friji.

Nazipoza kwenye vemikulaiti (zile chembe za madini mepesi zinazotunza joto), zimekaa miezi na hazijapasuka. Tanuri la nini sasa? (Mombasa)

Vemikulaiti inasaidia shanga isipasuke hapohapo kwa kupoa haraka, hiyo ni kazi yake na inaifanya. Lakini haiishikilii shanga kwenye joto moja, kwa hiyo mkazo unabaki ndani umelala. Zile ndogo za mviringo zinavumilia. Zile zenye umbo la kisahani, zenye kiuno chembamba, zenye pembe, hizo zinakungoja zigongwe kidogo au zianikwe juani.

Habari njema ni kwamba hazijaharibika, unaweza kuzikusanya na kuzituliza zote kwa pamoja siku utakayopata tanuri, hata la kuazima, hata zile za mwaka juzi. Cha kubadilisha ni kupanda tu, kwa sababu sasa zinaingia zikiwa baridi: ndogo panda kwa 200 kwa saa, kubwa 100, alafu 510 na kuendelea kama nilivyomjibu ndugu wa Arusha. Zipange zisigusane.

Nitajuaje kama zimetulia kweli?

Tafuta vipande viwili vya ile plastiki ya polaroidi inayochuja mwanga, hata miwani ya jua yenye polaroidi miwili inafaa. Weka kimoja mbele ya taa, cha pili zungusha mbele yake mpaka giza liingie, alafu ushanga uweke katikati. Kioo kilichotulia kinabaki na giza, chenye mkazo kinaonyesha mwanga au rangi, mara nyingi kuzunguka tundu. Inafanya kazi kwa kioo kinachopitisha mwanga tu, kwa hiyo kila unapochoma weka ushanga mmoja mweupe wa maji wenye unene kama wa wenzake uwe shahidi. Ukiona bado kuna mwanga, ongeza digrii 10 kwenye programu kabla ya kulaumu kitu kingine, maana ile waya ya kupimia inasoma pale ilipo tu, na kona ya mlangoni huwa iko baridi kuliko katikati.

Nimefuata kila kitu na ushanga umepasuka bado, ni kioo cha 104 juu ya cha 90.

Hapo tanuri halina kosa. Hivyo viwili havisinyai sawasawa, na hakuna programu duniani itakayowapatanisha. Tenganisha.

Natengeneza ushanga wa milimita 40, niongeze muda kidogo?

Siyo kidogo. Muda wa kupoa unafuata unene mara unene, yani unene ukiwa mara 2 kasi inagawanywa kwa 4. Ile 55 niliyoitaja ni ya shanga mpaka milimita 20 hivi, kwa hiyo ya 40 shuka kwa 14 kwa saa, na kukaa pale 510 kuwe saa 3 mpaka 4. Kutoka 510 hadi 400 peke yake kutakula karibu saa 8. Najua ni umeme mwingi, ndo maana shanga kubwa nashauri zikusanywe zichomwe pamoja, na bei yake iwe na hiyo gharama ndani.

Wakrobo wa Ghana hawana kontrola na shanga zao zinadumu vizazi. Wanafanyaje?

Swali zuri sana hili. Wale wanasaga chupa ziwe unga, wanaujaza kwenye vikalibu vya udongo, katikati wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo ambacho kinaungua na kuacha tundu, alafu tanuri la udongo na kuni. Unga unashikana ndani ya kalibu, na kalibu lenyewe ni nene, linatoka na joto lake linashuka nalo, ushanga unapoa ukiwa umefunikwa na udongo moto pande zote. Namba yao iko kwenye rangi ya moto na kwenye macho ya fundi aliyekaa pale tangu utotoni. Sisi tunaoviringisha shanga kwenye moto wa gesi ushanga wetu uko uchi hewani dakika ile tunapoutoa, ndo maana lazima tanuri liwe limeshafika 510 kabla hujawasha hata gesi.

Nifungue mlango joto likiwa ngapi?

Chini ya 50. Kama huwezi kusubiri basi 80, nyufa ya kidole, na feni iwe imezimwa.