Mishumaa ya mafuta ya nazi kulainika dukani: yaliyonikuta Tanga

Dada wa Bagamoyo, umeuliza kwa nini mishumaa yako ya mafuta ya nazi inalegea ingali kwenye rafu, hata kiberiti hakijaguswa, na kama huna budi kuagiza nta ya soya. Pole, hayo yalinikuta hapa Ngamiani.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi. Mimi nilianza Julai, asubuhi nayakuta yameganda chupani, nikajiona fundi. Ilipofika Januari mzigo mzima ukawa uji. Nta ya nyuki inahimili mpaka kama nyuzi 62, kwa hiyo huku pwani nta iwe mwenye nyumba na nazi iwe mgeni. Natia nta sehemu tatu, nazi sehemu moja. Soya sijaigusa, sioni sababu ya kuvusha nta baharini na Handeni wanarina asali.

Nta naletewa chafu, ina mpaka mabawa ya nyuki. Naichemsha na maji, naichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, naiacha ilale. Asubuhi gamba la manjano linaelea juu na uchafu umeganda upande wa chini, naukwangua kwa kisu. Kuiyeyusha tena, weka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji. Ikishika moto usimwagie maji hata kidogo, funika na mfuniko.

Harufu ndiyo iliyonitia hasara. Niliona ujanja kutia unga wa mdalasini, si tunao wa Amani? Unga ukazama, ukaziba utambi, moto ukazimika wenyewe. Sasa natia mafuta yake tu, gramu 30 kwa nusu kilo ya mchanganyiko, baada ya kuepua. Langilangi niliipenda mno lakini harufu ya asali iliyomo kwenye nta inaimeza. Karafuu na mchaichai hazimezwi.

Kuhusu vifuu ulivyosema unataka kuvitumia: kifuu kina macho matatu, na moja ni laini. Usipoliziba nta inavuja polepole. Mimi niligundua baada ya kuharibu kitambaa cha meza cha mama mkwe. Naliziba kwa tone la nta, naacha ligande, ndipo namimina. Tena mwambie mteja auzime mshumaa nta ikibaki kama unene wa kidole, maana kifuu chenyewe ni kuni.

Soko sasa. Mtu wa hapa ana chetezo, ana udi na ubani; ukimwonyesha mshumaa anakuuliza, "Kwani umeme unakatika leo?" Nilizunguka mtaani miezi miwili nikauza minne. Nikageukia nyumba za wageni za Pangani na watu wa harusi, wanaotaka vidogo vya kugawa kama zawadi. Navifunga kwenye vikapu vidogo vya ukindu, na vikapu vyenyewe huulizwa bei kuliko mishumaa.

Ukiandika "asilia", parafini isiwemo hata kijiko, ile inatokana na mafuta ghafi ya petroli. Na kabla hujapeleka mzigo, acha mmoja dirishani panapopiga jua la saa saba. Ukiinama, ongeza nta.