Mwanao akitaka kuingia fratenati Marekani, mwambie aanze na wazee wa chama hicho

Kila Agosti na Septemba simu yangu huanza kulia. Mzazi yuko Tabata au Arusha, mwanawe ndiyo kwanza kafika chuo Marekani, na kabla hata baridi haijaingia kijana ameshatuma picha akiwa katikati ya wenzake waliovaa jaketi zenye herufi za Kigiriki. Swali la kwanza halibadiliki: "Kaka, hawa siyo Freemason?"

Siyo. Fratenati ni chama cha wanafunzi wa kiume chuoni, na wa kike wana sororiti zao. Kina katiba, ada, makao makuu ya kitaifa, sherehe ya kuapishwa isiyohudhuriwa na wasio wanachama, na namna yake ya kushikana mikono. Kwa mtu aliyekulia kwenye hadithi za utajiri wa kafara, hivyo tu vinatosha kumkosesha usingizi. Mimi huwaambia wazazi waihamishie hofu yao kwenye jambo jingine, yaani mateso wanayopewa wanaoingia, ambalo nitalifikia.

Niliingia mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1980, katika chuo cha watu weusi majimbo ya Kusini. Jina la chuo na la chama nayaweka kando, maana nitakayosema hayatawafurahisha wote nilioapishwa nao.

Kwanza tutofautishe. Fratenati ambazo watu huziona kwenye filamu, zile za majumba makubwa yenye nguzo nyeupe, zina asili ya Kizungu. Za watu weusi zina historia nyingine. Ya kwanza iliyodumu, Alpha Phi Alpha, ilianzishwa na vijana saba huko Cornell mwaka 1906, chuo ambacho weusi walikuwa wachache mno na hawakuwa na pa kuegemea. Nyingine zikafuata, hadi leo kuna vyama tisa vinavyotambuana, vya wanaume na vya wanawake. Matawi yao mengi hayana nyumba. Yana benchi lililopakwa rangi za chama, au mti fulani kwenye uwanja wa chuo, na ole wake asiyehusika atakayekwenda kukaa pale. Waafrika tumekuwemo humo tangu zamani: Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe wote walikuwa Phi Beta Sigma, iliyoanzishwa chuo cha Howard mwaka 1914. Kwa hiyo kijana wetu akivutiwa, asiambiwe anajipendekeza kwa watu wasio wake.

Enzi zetu uliingia kwa mstari. Mlipangwa kwa urefu, mfupi mbele, mrefu nyuma, kila mmoja na namba yake, na kwa wiki nyingi mlitembea hivyo chuoni mmegusana kifua na mgongo, mmenyoa vipara, mmevaa makoti yanayofanana, bila kuongea na mtu. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu ya urefu. Usiku mliitwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtu, mkafundishwa historia ya chama: majina ya waanzilishi, tarehe, mashairi. Mtihani mmoja ni wa njiti ya kiberiti. Unaiwasha, unaishika, na lazima umalize alfabeti ya Kigiriki kabla moto haujafika vidoleni. Alfa, beta, gama, delta. Namba tano wetu alikuwa akikwama kila mara kwenye zeta, na chumba kizima kilinuka kucha zilizoungua. Kwenye theta walinisubiri kwa hamu, wakitegemea ulimi wa Mwafrika ungeshindwa. Mtu wa Tanga ashindwe na th! Aliyehesabu thelathini tangu utotoni?

Hayo nakumbuka nikicheka. Ubao sicheki. Ulikuwa ubao mnene wenye mpini, umechongwa herufi za chama, na ulitumika. Waliosoma shule za bweni kwetu wanajua njuka alivyopokelewa; hii ilikuwa hivyo hivyo, ila wapigaji walikuwa watu wazima na sisi tulikuwa tumejaza fomu kuomba kupigwa.

Oktoba 1989 mwanafunzi wa Morehouse, Atlanta, alifariki akiwa katika mchakato wa kuingia. Mwaka uliofuata viongozi wa vyama vikuu vya weusi wakakubaliana kuufuta utaratibu wa mstari. Badala yake ukaja utaratibu wa siku chache: maombi, barua za kukutambulisha, usaili, mafunzo, kiapo. Siku ile ile ukazaliwa ugomvi ambao haujaisha hadi leo. Sisi wa zamani tukajiita tuliotengenezwa, na waliokuja baada yetu tukawaita wa karatasi. Nenda kwenye kusanyiko lolote la wahitimu, wakishamaliza kula nyama choma utasikia: "Hawa watoto hawajui udugu, hawakupigwa." Kisha stori zinaanza, na kila mwaka ubao unazidi kuwa mnene na usiku unazidi kuwa mrefu. Wazee wenzangu hutia chumvi hadi mimi niliyekuwepo nashangaa.

Nataka kulipinga hilo waziwazi, kwa sababu vijana wanaambiwa na wanaliamini. Kipigo hakikutufanya ndugu. Kwenye mstari wetu wapo waliopigwa sawasawa na mimi na sijui leo wanaishi mji gani. Namba tatu, ambaye kwa bahati alikosa usiku mbili mbaya kuliko zote kwa sababu ya homa, ndiye niliye naye karibu kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu. Ana nyumba ya mazishi huko Georgia. Mtanzania mwenzetu alipofia hapa Marekani, familia ikiwa haina bima wala uwezo, nilimpigia usiku wa manane. Alfajiri alikuwa ameshautoa mwili hospitali. Kutia dawa, jeneza la kusafirishia, karatasi za ubalozi, vyote alivisimamia kwa bei aliyonunulia yeye, na mchango wetu wa harambee ukatosha na kubaki kwa ajili ya mjane. Hakumjua marehemu hata kwa sura.

Watu wa aina hiyo ndio faida ya fratenati, na faida hiyo huonekana miaka mingi baada ya chuo. Ndiyo maana ushauri wangu kwa kijana ni huu: usikichague chama kwa kuwaangalia wanafunzi waliomo. Wanafunzi wote wanapendeza. Wanajua kucheza stepu (ngoma yao ya miguu na makofi), wana jaketi, wana video zenye watazamaji wengi, na wiki ya kuwakaribisha wapya kila mtu anakuwa rafiki yako. Waulize wakukutanishe na wahitimu wao wenye miaka arobaini na hamsini. Nenda kwenye shughuli zao, kaa, sikiliza wanaongea nini. Wanawafundisha watoto wa mtaani hesabu Jumamosi? Wanatafutiana kazi? Au wanakumbushana ubao tu? Tawi ambalo wazee wake hawana stori nyingine zaidi ya kupigana, hata vijana wake usiku watafanya hivyo hivyo, sheria iseme inavyosema.

Na sheria siku hizi imekaza. Februari 2017, chuo cha Penn State, kijana wa mwaka wa pili alinyweshwa pombe usiku wa kukaribishwa kwenye nyumba ya fratenati, akaanguka kwenye ngazi za kwenda chumba cha chini, na wenzake wakakaa muda wa karibu saa kumi na mbili ndipo wakaita msaada. Kamera za ndani ya nyumba zilirekodi usiku mzima. Alifariki. Jimbo la Pennsylvania likatunga sheria kali mwaka uliofuata, na Desemba 2024 ikapitishwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyokutwa na hatia ya kuwatesa wanaoingia. Fratenati nyingi zenye majumba zimepiga marufuku pombe kali ndani. Sigma Alpha Epsilon, ambayo ni kubwa na ya zamani, ilifuta kabisa kipindi cha majaribio mwaka 2014: aliyekubaliwa aliapishwa.

Lakini nisimdanganye mtu kwamba mambo yamekwisha. Yamehama. Zamani mstari ulipita mchana kweupe mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo. Leo yanafanyika kwenye nyumba ya kupanga nje ya mji, simu zimekusanywa mlangoni, na chuoni hakuna anayejua nani anaingia hadi siku ya onyesho la kuwatambulisha wapya. Kwa upande huo, naona enzi zetu zilikuwa na nafuu: angalau tulionekana. Mwalimu akiona mtu anachechemea, aliuliza.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, ingia tovuti ya chuo utafute taarifa ya vyama vilivyoadhibiwa. Soma jina la tawi, kosa, na mwaka. Tawi lililofungiwa likarudi siyo lazima liwe baya, lakini waulize kwa nini lilifungiwa na uone wanavyojibu. Wakianza kucheka, ondoka.

Ukiitwa usiku, ukaambiwa uache simu na usimwambie mtu unakokwenda, usiende. Ukipigwa kofi la kwanza, toka. Majimbo mengi yanahesabu mateso haya kuwa jinai, na katika mengi ya hayo "alikubali mwenyewe" si utetezi. Mwenye viza ya mwanafunzi ana zaidi ya kupoteza kuliko Mmarekani: akiwa shahada ya kwanza anatakiwa kubeba kredit 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kila muhula, na kijana asiyelala wiki nne huanza kuacha masomo moja baada ya jingine. Akikamatwa na polisi kwa kumpiga mwenzie mwaka unaofuata, zamu yake ya kushika ubao itakapofika, ndiyo kabisa.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. Ada ya kuingia mara nyingi hupita dola 1,000, kisha kuna ada ya kila mwaka, nguo, safari. Omba hesabu yote kwa maandishi kwanza. Baba yako anayeuza kiwanja Kibaha kulipia muhula hapaswi kuyasikia mambo ya jaketi kwa mshtuko.

Na Waislamu wenzangu, ulizeni mapema kuhusu kiapo na sala. Vyama vingi vya weusi vimejengwa juu ya Ukristo na sherehe zao zina sala za Kikristo. Mimi niliuliza, tukaelewana kuhusu nitakachotamka na nisichotamka, na sikumbuki aliyenishikia kinyongo.

Kitu ambacho vijana wengi wa kwetu hawakijui ni kwamba vyama hivi vya weusi havikulazimishi kuingia ukiwa mwanafunzi. Vina matawi ya wahitimu, na mtu mwenye shahada anaweza kuomba kujiunga akiwa na kazi yake na familia yake, miaka mingi baada ya chuo. Mpwa wangu wa Houston alifuata njia hiyo. Alimaliza uhandisi, akakaa na wazee wa tawi la mjini kwao kwa muda akijitolea kwenye programu yao ya vijana, ndipo akaomba. Wa mstari wangu walimwita wa karatasi pale pale kwenye sherehe, sahani zikiwa mkononi. Mwaka huu yeye ndiye mweka hazina, na hao hao ndio wanaomwomba awaongezee muda wa kulipa ada.