Bi Fundi Nijibu: Suruali inashuka nyuma nikikaa

Swali: Assalamu alaykum Bi Fundi. Mimi niko Langoni hapa Lamu, nimejifunza kushona mwenyewe nyumbani na sasa nimeanza kujishonea suruali za linini. Nikisimama mbele ya kioo iko sawa kabisa lakini nikikaa mkekani tu, kiuno cha nyuma kinashuka mpaka naona haya, na pale msambani kunafanya mistari ya kuvutika. Nimefumua mara mbili nikaongeza kitambaa ubavuni, sasa nyonga zinapwaya kama gunia na bado inashuka vile vile. Nataka kuivaa Maulidi, nifanyeje?

Jibu: Waalaykumu salaam mwanangu. Kwanza huko ubavuni usiguse tena, tafadhali. Shida yako si upana, ni urefu, tena urefu wa njia moja tu, ile inayoanza kiunoni mbele ikapita msambani ikapanda mpaka kiunoni nyuma. Ukikaa makalio yanatanuka na mgongo unapinda kwa hivo njia ya nyuma inarefuka, sasa kitambaa kikiwa hakitoshi kitatoa wapi? Kinakivuta kiuno chini, ndo hiyo haya yako. Hata uongeze nusu yadi kila ubavu hakuna hata sentimita moja itafika pale inapotakiwa.

Pima hivi. Funga lastiki kiunoni pale unapotaka suruali ikae, chukua futi uipitishe kutoka lastiki ya mbele, katikati ya miguu, mpaka lastiki ya nyuma, usiivute na usiilegeze. Andika. Halafu pima njia hiyo hiyo kwenye suruali, lakini pima kwenye mstari wa uzi sio ukingo wa kitambaa, na futi isimamishe kwa ubavu wake ndo itafuata mviringo vizuri. Suruali lazima izidi mwili kidogo, mimi naacha sentimita 2 mpaka 3 kwa kitambaa kisichovutika kama linini. Naamini utakuta yako imepungua, na iliyopungua ni ya nyuma.

Kwenye patani, yaani ile karatasi unayokatia, utaongeza mahali pawili. Pa kwanza ni ile ncha ya kipande cha nyuma, ile inayoingia ndani ya paja, irefushe sentimita 1 au 2 halafu mstari wa ndani ya mguu uuteremshe taratibu mpaka ukutane na wa zamani karibu na goti. Pa pili, kata karatasi ya kipande cha nyuma kwa kulala, kuanzia mshono wa katikati pale makalio yamejaa zaidi kuelekea ubavuni, usifike mwisho, bakisha kidogo tu pashikane, kisha fungua kama bawa la kipepeo: katikati sentimita 2 au 3, ubavuni sufuri. Bandika karatasi hapo kwenye pengo. Umeona? Nyuma imepanda na ubavu haujaguswa.

Na hii ambayo ushaikata usiitupe, linini ni pesa. Fumua mkanda wa nyuma, kata kipande kama kabari, katikati kirefu sentimita 3 na pembeni kinaisha, ukishone kati ya mkanda na suruali, kama kile kipande cha nyuma ya jinzi juu ya mifuko. Watu watafikiri ni staili. Huo upana uliouzidisha ubavuni urudishe ulivokuwa.

Kuna watakaokwambia chimba tu msamba ushuke chini. Ukiwa unabana kidogo ni kweli inasaidia, lakini chimba nusu sentimita, vaa, angalia, ndo uchimbe tena. Ukishusha sana utasimama vizuri lakini ukiinua mguu kuingia botini suruali nzima inakuja na mguu.

Ningekusihi next time, yaani suruali ijayo, ushone kwanza ya kujaribia. Tumia shuka kuukuu ama marekani, ile nyeupe isiyotiwa rangi, nayo jina lake ndo hilo manake karne ya 19 ilikuwa inakuja pwani yetu na merikebu za Wamarekani kutoka viwanda vya Massachusetts. Vaa hiyo, usisimame tu mbele ya kioo, sisi hapa hatuishi tumesimama. Kaa mkekani kama unakula siniani, chutama, panda ngazi mbili mbili. Mistari ikielekeza mahali kwa kubana, hapo ndo kitambaa kimepungua, ikiwa ni mikunjo imelala inaning'inia, hapo kimezidi. Ukishayajua hayo mawili suruali inakwambia yenyewe.

Swali: Mimi ni kijana wa Shela, nafanya kazi ya boti na suruali zangu za kadeti najishonea. Chini ya makalio kuna mikunjo mingi imelala kama pazia. Nimebana ubavuni, mbele ndo ikaanza kukaza. Mimi makalio sina sana.

Jibu: Basi ndugu yangu wewe ni kinyume cha dada hapo juu, kitambaa cha nyuma kimekuzidi urefu. Vaa, mtu akufinyie mkunjo mmoja umelala chini ya makalio na kuutia pini mpaka nyuma inyooke, pima umefinya ngapi, tuseme sentimita 1 na nusu. Hiyo itoe kwenye patani ya nyuma, katikati yote, ubavuni sufuri, na ile ncha ya msamba ipunguze sentimita 1. Kisha vaa ukae. Ikianza kushuka umetoa kupita kiasi, rudisha kidogo, manake wewe kazi yako ni kuinama na kuvuta kamba na mikunjo miwili mitatu ukisimama ni afadhali kuliko suruali kupasuka katikati ya maji.

Mshono wa msamba nao ushone mara mbili, halafu kule chini kwenye mviringo punguza kitambaa cha ndani kibaki kama milimita 7. Kikibaki kipana kinasukuma juu na kufanya mikunjo ambayo utailaumu patani bure.

Swali: Kwa nini mguu mmoja wa suruali unajizungusha, mshono wa ubavu unakuja mbele?

Jibu: Ulikata kitambaa kimekaa upande. Uzi wa urefu lazima ushuke katikati ya mguu, upime kutoka ukingo wa kitambaa mahali pawili, juu na chini, ziwe sawa. Ukishakata hakuna dawa nzuri, dada, ila ukiwa hujapunguza miguu waweza kufumua ubavu na ndani ukaipanga upya kuanzia goti kwenda chini.

Swali: Kiuno kinaacha pengo nyuma lakini nyonga zimekaa vizuri. Nitie lastiki?

Jibu: Lastiki ni sawa kwa suruali ya nyumbani. Ya kutokea, bana kwenye mshono wa katikati nyuma, kuanzia makalio kupanda, na mkanda ukate vipande viwili vikutane hapo hapo nyuma. Mafundi wa suruali za kiume hufanya hivo, mkanda na mshono wa nyuma wanaufunga mwisho na ndani wanaacha kitambaa cha akiba, ukinenepa wanafungua ukikonda wanabana. Acha sentimita 3 kila upande, na kitambaa kikiwa cha pamba kifue kwanza kabla ya kukata, pamba ikirudi baada ya kushonwa hiyo akiba yote itaishia hapo.