Nilipata sapu ya ngoma, na nilistahili

Jumamosi iliyopita niliongoza ngoma ya bugobogobo jukwaani. Nimeanza na hilo hata kabla ya salamu kwa sababu nimelisubiri tangu mwaka wa pili, na kwa sababu kipande cha video nilichokirusha kimeniletea ujumbe wa binti wa mwaka wa kwanza: "Dada, nasomea sanaa za maonyesho. Mazoezini niko vizuri, ila nikipanda jukwaani napotea. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, mwenzio nilipotea mbele ya walimu watatu wanaosahihisha, jembe mkononi.

Ulikuwa mtihani wa vitendo, ndio ulionipa sapu, yaani kufeli na kurudia mtihani. Kwa asiyeijua, bugobogobo ni ngoma ya Wasukuma na imetoka shambani: watu wanalima pamoja, ngoma inawapa mwendo. Jukwaani shamba halipo ila majembe yapo. Unalizungusha, unalirusha, unalidaka, mnainama na kuinuka kama mtu mmoja. Mimi mtoto wa Tanga, jembe nilikuwa nalijua kwa mihogo tu. Basi nikajifunza kwa simu. Nilirekodi mazoezi, usiku bwenini naiangalia video na kuhesabu: moja mpaka nane, geuka, moja mpaka nane, rusha. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimeiva kiasi kwamba nilianza kuwasahihisha wenzangu. (Hilo la kuwasahihisha ndilo linalonichoma mpaka leo, kuliko hata sapu yenyewe.)

Siku ya siku, mpigaji wa ngoma kubwa aliona ukumbi umechangamka, akakirefusha kipande cha pili. Basi. Hakukosea, ndivyo ngoma inavyopigwa. Mimi nikafika nane yangu, nikageuka. Wenzangu 11 wanatazama watazamaji, mimi natazama ukuta. Nikashtuka, nikarudi, na palepale ngoma ikaita na wao wakageuka. Jembe langu likagonga la jirani yangu, likalia kama kengele ya shule. Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, na kucheka jukwaani kama hakujapangwa ni kosa la pili.

Nikapata sapu. Jina langu likakatwa kwa kalamu nyekundu kwenye orodha ya wanaosafiri kwenda kucheza, na orodha ikaachwa ubaoni wiki nzima. Mwalimu mmoja akaniambia mbele ya darasa: "Wewe unacheza na simu. Kaolewe na simu." Kuninyima alama ilikuwa haki yake. Ya kuolewa na simu haikuwa haki yake, na sijaimaliza moyoni.

Aliyeniokoa ni mzee mpiga ngoma, mtu ambaye hajakaa darasani kama mwanafunzi hata siku moja. Nilimkuta nyuma ya ukumbi amewasha majani makavu, anaipasha ngoma moto ngozi ikaze, maana ilikuwa masika na ngozi ikilegea sauti inakufa. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Weka jembe chini, mjukuu wangu. Kaa."

Nikakaa. Nilikaa siku tisa. Siku tisa sikucheza hata hatua moja. Nilikuwa nakaa ubavuni mwa ngoma, naitamka kwa mdomo, yeye ananipima. Siku ya nne hivi ndipo nilipoanza kuisikia ile kitu: kabla ya kubadilisha, mpigaji huuvunja mdundo. Kuna mapigo machache yanayotoka nje ya mstari, halafu ndiyo linakuja pigo la kugeuka. Yale machache ndiyo wito. Aliyesikia wito ana muda wa kushusha pumzi, kukunja magoti na kugeuka na wenzake. Aliyekuwa anahesabu nane hana habari. Muziki uliorekodiwa utakuvumilia na nane zako kwa sababu wenyewe haukuoni. Mpiga ngoma anakuona, na anapiga kulingana na anachokiona.

Sasa mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza: sikiliza ngoma. Wa pili najua utaudharau: sikiliza ngoma ukiwa umekaa. Usipande jukwaani na mpigaji ambaye hujawahi kukaa naye. Nenda ukamsalimie, mbebee ngoma, msaidie kuwasha moto. Wanafunzi wa siku hizi (nami nilikuwa mmoja wao) tunamjua mtu wa taa na mtu wa kamera, ila mpiga ngoma tunamwita "yule mzee".

Vaa njuga tangu siku ya kwanza ya mazoezi, usingoje siku ya onyesho. Bila njuga unaweza kuchelewesha mguu na usijue. Ukizivaa, kila mguu unajisema, ukichelewa ukumbi mzima unasikia, na wewe wa kwanza. Zitakuchubua. Vaa soksi.

Likizo iliyofuata nilikula bumu langu lote, pesa ya mkopo wa chuo, kwa nauli ya Mwanza, nikaenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sherehe yao ya ngoma ya mwezi wa 6. Kule Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni anayevuta watu wengi. Isiyonoga inakimbiwa. Hakuna cha sapu, hakuna cha kukata rufaa: unaona migongo ya watu inakwenda upande wa pili, huko mtu amevaa chatu shingoni. Nilichokiona ni kwamba kundi lililorudisha watu halikuwa na chatu wala kioja chochote. Walikuwa wanatazamana. Mmoja akifanya jambo mwenzake anamjibu. Sisi vyuoni tunapangwa mistari, nyuso kwa watazamaji, kila mtu na hofu yake. Hata sindimba, ambayo kwa Wamakonde huchezwa watu wamezunguka, tumeinyoosha mstari kama gwaride, halafu tunashangaa nyonga hazina uhai. (Nyonga zenyewe zinaanzia magotini. Ukisimama wima utakata kiuno mpaka uumwe mgongo na hakuna atakayekiona.)

Kwa hiyo unaposema unapotea jukwaani, nakuuliza: unapotea kutoka kwa nani? Kama ulikuwa peke yako na simu yako tangu bwenini, hukuwa na wa kupotezana naye. Acheni kujifungia. Acheni kujirekodi kila saa. Kaeni na wazee wakati bado wapo. Najua naanza kuhubiri, ila mtu aliyegonga jembe la mwenzake mbele ya ukumbi mzima amejipatia mimbari.

Jumamosi, katikati ya kipande cha pili, kamba ya njuga ya mguu wa kushoto ilikatika. Niliisikia ikianguka. Mzee naye aliisikia, kwa sababu aliuvunja mdundo mapema, akaniita, nikawageuza wenzangu huku nikiisukuma njuga pembeni kwa kisigino. Kwenye video inaonekana kama tulipanga.

Ile video nilimtumia na yule mwalimu. Aliitazama usiku uleule, tiki za ujumbe zimeshageuka bluu. Asubuhi akajibu kwa dole gumba. Dole gumba moja.