Kabla hujauliza swali la tisa

Nilikuwa naingiza data kwenye kompyuta nilipokuta alama ya vema katika kisanduku cha mwisho cha swali la tisa. Wanaotafiti afya ya akili wanalijua swali hilo la PHQ-9, dodoso la kupima sonona: katika wiki 2 zilizopita, umesumbuliwa mara ngapi na mawazo kwamba ni heri ufe, au ya kujidhuru? Kisanduku cha mwisho ni "karibu kila siku". Kalamu ilikandamizwa mpaka alama ikatokeza nyuma ya karatasi. Tarehe ya kujazwa: siku 19 nyuma.

Siku zote hizo karatasi ya mshiriki huyo ililala kwenye boksi. Nilimpigia simu mikono ikinitetemeka. Alipokea. Tulimfikisha kwa mshauri nasaha siku ileile, na huko aliniambia: "Nilidhani mnasoma."

Basi wewe unayejiandaa kwenda uwandani, nakusihi: amua mapema nani atalisoma jibu hilo, na alisome mshiriki akiwa bado mbele yake. Jina na namba ya mshauri aliyekubali kupokea watu siku hiyo viwe mfukoni mwako. Kipeperushi pekee hakitoshi.

Utaambiwa kwamba kuuliza habari za kujiua ni kumtia mtu wazo. Hofu hiyo inaeleweka, ila tafiti zilizopima jambo hilo hazikuona kwamba swali linaongeza mawazo ya kujiua. Wengine hata hupata nafuu. Kwa hiyo uliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Ukiuliza "Huna mawazo mabaya, sivyo?" umeshamwomba akujibu hapana. Akisema ndiyo, usiruke kwenda swali la kumi. Tulia naye. Muulize kama ana mpango, kama ameshapata njia, na kama leo atakuwa peke yake. Na usimwahidi usiri usio na mpaka. Mweleze tangu unapomwomba ridhaa ya kushiriki kwamba uhai wake ukiwa hatarini, utamhusisha mtu wa kusaidia.

Utafiti wa ukatili wa majumbani una hatari yake nyingine: swali lako linaweza kumletea mwanamke unayemhoji kipigo ukishaondoka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 unataka mahojiano yafanyike faraghani, ahojiwe mwanamke mmoja tu katika kaya, na wengine nyumbani wasijue kiini cha utafiti. Sisi tulibeba dodoso la pili lenye maswali ya kawaida. Siku moja mlango ulifunguliwa ghafla, mume akaingia. Mwenzangu akageuza karatasi na kuuliza kwa sauti ileile, "Na huyu mdogo, mama, chanjo zote alipata?" Yule mama akajibu bila kusita. Walikuwa wamekubaliana hivyo kabla ya swali la kwanza. Zoezeni mgeuzo huo kwa mdomo, mara nyingi, mpaka uwe mwepesi.

Wasaidizi wako nao ni watu. Mmoja wetu alianza kuruka maswali ya ukatili, nikamkaripia nikidhani ni uzembe, kumbe usiku halali. Nilimwomba radhi. Tangu hapo hatuzidishi mahojiano matatu kwa siku kwa kila mhoji, na jioni tunakaa pamoja, kila mtu aseme alichobeba. Maboksi hayafungwi kabla ya kikao hicho, na swali la tisa nalisoma mwenyewe, karatasi moja baada ya nyingine.