Familia zilianza kupungua kabla ya vidonge

Wengi hudhani vidonge vya uzazi wa mpango ndivyo vilivyoleta familia ndogo. Hapana, sivyo. Marekani iliviidhinisha mwaka 1960, ilhali Ufaransa watu walishaanza kuzaa watoto wachache tangu mwishoni mwa karne ya 18, na Uingereza kuanzia miaka ya 1870. Walitumia njia za kale tu: kuchelewa kuoana, kujizuia, kumwaga nje.

Kilichobadilika ni hesabu. Mtoto wa shambani alikuwa nguvu kazi tangu mdogo. Sheria ilipomlazimisha aende shule (Uingereza 1880) akageuka gharama. Baadaye vifo vya watoto navyo vikapungua, haikuwa lazima tena kuzaa wanane ili wabaki wanne. Ila Ufaransa uzazi ulishuka hata kabla viwanda havijashamiri, kwa hiyo anayekutajia sababu moja tu anakupunja.

Vidonge vilikuja na kazi yake, nayo si ndogo: mwanamke aliweza kuamua mwenyewe, bila kumtegemea mwanamume, kwamba anamaliza chuo kwanza ndipo azae.